Kalenda tupu kwenye barua pepe: Miadi mara nyingi imefichika, haijafutika

MFANYAKAZI anayewasha tarakilishi Jumatatu asubuhi na kukuta kalenda yake nyeupe pe, bila mkutano, bila tarehe ya kesi wala ukumbusho wa siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti ya ushuru, hupatwa na fadhaa inayoweza kumsukuma kutenda jambo baya kuliko hitilafu yenyewe. Hufuta akaunti ya barua pepe ili aiweke upya. Wengine huing'oa programu nzima. Hapo ndipo miadi iliyokuwa salama hadi dakika ile hupotea kikweli, tena kwa mkono wa mwenyewe.

Jambo hili si dogo kama lilivyokuwa zamani. Tangu mwaka 2020, janga la Covid-19 lilipoilazimu Idara ya Mahakama nchini Kenya kusikiliza kesi nyingi kwa njia ya video, wakili na mteja wake hutumiwa kiungo na saa ya kuingia badala ya kungoja kwenye ujia wa mahakama. Mahojiano ya kazi, vikao vya kamati na mazungumzo ya wanafunzi na wasimamizi wa tasnifu zao yalifuata njia iyo hiyo. Anayechelewa kwa saa moja kwa sababu kalenda ilimpotosha huenda akakuta shauri limeahirishwa au nafasi imemwendea mwingine.

Kwa hivyo, kabla ya kubofya popote, yafaa mtumiaji atenganishe mambo mawili. Lipo faili au hifadhi ambamo miadi imewekwa, na upo mwonekano, yaani namna programu inavyoamua kuyachora kwenye kiwamba yaliyomo katika hifadhi hiyo. Hitilafu nyingi zinazowatia watu hofu ni za mwonekano. Zile za hifadhi ni chache zaidi, lakini ndizo zinazohitaji utulivu mkubwa.

Programu mbili za barua pepe ndizo zinazoangaziwa hapa. Ya kwanza ni Outlook ya kampuni ya Microsoft, iliyozinduliwa mwaka 1997 ikiwa imeunganisha barua, kalenda na orodha ya anwani katika dirisha moja. Ya pili ni Thunderbird, ambayo haina malipo na ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka Desemba 2004. Thunderbird haikuzaliwa na kalenda. Kwa miaka mingi aliyeitaka alilazimika kuongeza kijiprogramu kilichoitwa Lightning. Mwaka 2015 kilianza kuja pamoja na programu yenyewe katika toleo la 38, na tangu toleo la 78 la mwaka 2020 kalenda imekuwa kiungo cha ndani kisichong'oleka. Mtu anayefuata maelekezo ya kale na kutafuta Lightning mahali pa kupakulia viongezi hupoteza wakati wake bure.

Katika Outlook ya Windows, ile ambayo Microsoft sasa huiita classic, kalenda hufunguka kwa kubonyeza Ctrl na 2. Siku moja huonekana kwa Ctrl, Alt na 1, siku za kazi kwa 2, wiki nzima kwa 3, na mwezi kwa 4. Mwonekano wa siku za kazi umewasumbua wengi, kwa kuwa Jumamosi na Jumapili hazimo. Mhudumu wa kanisa aliyeandika harusi ya Jumamosi, au muuguzi aliyepangiwa zamu ya Jumapili, huitafuta miadi yake kwenye safu tano za Jumatatu hadi Ijumaa asiione, akaamini imefutika. Thunderbird nayo ina uteuzi kama huo katika menyu ya kutazama, ambao ukiwashwa huzificha siku za mwisho wa wiki hata katika mwonekano wa mwezi.

Kosa jingine jepesi ni la kijisanduku. Kando ya jina la kila kalenda, upande wa kushoto wa dirisha, pana alama inayowashwa na kuzimwa kwa mbofyo mmoja. Ikizimwa, kalenda hubaki kwenye orodha lakini matukio yake hayachorwi. Mkono ukiteleza kwenye kipanya, mikutano ya mwaka mzima hutoweka machoni. Aidha, mtu mwenye akaunti mbili, ya kazini na ya nyumbani, huwa na kalenda mbili zenye majina yanayofanana, na huenda kwa miezi amekuwa akiandika miadi katika moja huku akitazama nyingine.

Njia ya haraka ya kujua kama miadi ingalipo ni kuacha miraba ya siku na kuomba orodha. Katika Outlook, menyu iliyoandikwa View ina sehemu ya kubadili mwonekano, na humo mtu akichagua List, kila tukio lililomo kwenye kalenda hupangwa moja chini ya jingine kama majina katika daftari la mahudhurio. Yakitokea hapo, hifadhi ni nzima na tatizo ni la mwonekano. Pengine kichujio kiliwekwa zamani, kwa mfano cha kuonyesha matukio ya aina fulani tu, kikasahaulika. Kitufe cha Reset View hukiondoa. Kikishindwa, programu inaweza kufungwa kisha kuanzishwa kwa amri ya outlook.exe /cleanviews, ambayo hurejesha mionekano yote kama ilivyotoka kiwandani. Amri hiyo haigusi miadi. Hata hivyo, hufuta mionekano yoyote ambayo mwenyewe alijitengenezea, na aliyeipanga kwa rangi na safu zake atalazimika kuanza upya.

Katika Thunderbird, orodha ya namna hiyo hutokea juu ya kalenda katika kidirisha cha kutafutia matukio. Nacho kina mtego wake, kwani kina uteuzi wa kipindi. Kikiwa kimewekwa kuonyesha matukio ya siku 7 zijazo, kesi ya mwezi ujao haitaonekana hata ikitafutwa kwa jina la mshtakiwa. Yafaa kichaguliwe kionyeshe matukio yote kabla ya mtu kukata tamaa.

Ikiwa barua pepe nazo zimetoweka pamoja na kalenda ndani ya Thunderbird, sababu huwa nyingine kabisa. Tangu mwaka 2019 programu hiyo imekuwa ikitenga wasifu kwa kila usakinishaji. Mtu akiweka toleo jipya katika folda tofauti na ile ya awali, kwa mfano akihama kutoka toleo la biti 32 hadi lile la biti 64, programu huweza kumfungulia wasifu mpya ulio mtupu na kumkaribisha kana kwamba ni mgeni. Wasifu wa zamani ungali kwenye diski, haujaguswa. Kupitia menyu ya usaidizi, kwenye ukurasa wa taarifa za utatuzi wa matatizo, kuna kiungo kinachoorodhesha wasifu zote, na kuurudia ule wa kale ni suala la kuuteua na kuianzisha programu upya.

Hapa ndipo panapohitaji kujua miadi inakaa wapi hasa, na wauzaji wengi wa tarakilishi hawamwelezi mnunuzi. Katika Thunderbird, kalenda iliyoundwa kwenye mashine yenyewe huhifadhiwa ndani ya folda ya wasifu, katika faili iitwayo local.sqlite iliyo kwenye folda ndogo ya calendar-data. Majina ya kalenda hizo, rangi zake na anwani zake, hayakai humo. Yamo katika faili ya mipangilio, prefs.js. Ndiyo maana faili ya mipangilio ikiharibika, umeme ukikatika ghafla kwa mfano, kalenda zote huondoka kwenye orodha ilhali matukio yenyewe yamebaki kwenye ghala lake. Anayerejesha nakala ya zamani ya prefs.js huyaona yakirudi.

Kwa Outlook, jibu hutegemea aina ya akaunti. Ofisi inayotumia seva ya Exchange, au huduma ya Microsoft 365, huweka kalenda kwenye seva, na faili yenye kiishio cha .ost iliyo kwenye tarakilishi ni kivuli tu. Kikiharibika hutengenezwa kingine. Akaunti ya aina ya POP huweka kila kitu katika faili ya .pst ndani ya mashine ya mwenyewe. Lakini hatari kubwa iko kwa akaunti ya IMAP, aina inayotumiwa na taasisi ndogo nyingi zilizokodi nafasi ya barua pepe kwa kampuni za mtandao. IMAP ni utaratibu wa kusomea barua na hauna habari ya kalenda. Kwa hivyo miadi inayoandikwa chini ya akaunti hiyo hubaki kwenye tarakilishi hiyo pekee, na Outlook huitambulisha kwa maneno This computer only kando ya jina la kalenda.

Tangu Outlook 2013, data ya akaunti ya IMAP huwekwa katika faili ya .ost. Mtu akiondoa akaunti, programu humwonya kuwa yaliyohifadhiwa nje ya mtandao yatafutwa. Wengi hubofya kitufe cha kukubali wakifikiri ni barua tu, nazo zitashuka tena kutoka kwenye seva. Barua hurudi. Kalenda hairudi, kwa sababu haikuwahi kufika kwenye seva. Ushauri wa "ondoa akaunti uiweke tena", unaotolewa kwa wepesi katika vituo vingi vya kutengeneza tarakilishi, kwa hiyo ni ushauri wa kuogopwa mpaka mtu ahakikishe kalenda yake imo wapi.

Faili ya .pst nayo ina maradhi yake. Zile zilizoundwa na Outlook za kabla ya mwaka 2003 hazikuweza kuzidi gigabaiti 2, na zilipofikia mpaka huo ziliharibika mara kwa mara. Umbo lililokuja na Outlook 2003 lilipandisha kikomo hicho, na tangu Outlook 2010 kikomo cha kawaida ni gigabaiti 50. Faili iliyopata dosari hukaguliwa kwa programu ndogo iitwayo scanpst.exe, inayokuja pamoja na Outlook, na ni busara kuinakili faili kwanza kabla ya kuikarabati. Pia kuna utaratibu wa kuhamisha vitu vya zamani kwenda faili ya kumbukumbu, archive.pst. Ukiwashwa na kuachwa katika mipangilio yake ya kawaida, huondoa kwenye kalenda matukio yaliyozidi miezi 6. Mhasibu anayetafuta tarehe ya kikao cha mwaka uliopita atakikuta humo.

Matukio yaliyofutwa kwa bahati mbaya hayafutiki papo hapo. Huenda kwanza kwenye folda ya vitu vilivyofutwa, pamoja na barua, na mtu huweza kuyaburura kurudi kwenye kalenda. Yakiondolewa humo pia, akaunti iliyo kwenye huduma ya Microsoft 365 huyaweka kwa siku 14 zaidi, muda ambao msimamizi wa mfumo anaweza kuuongeza hadi 30. Baada ya hapo hakuna wa kulaumiwa ila kalenda ya ukutani.

Suala la saa ni gumu zaidi, kwa kuwa miadi huonekana, tena vizuri, lakini mahali pasipo pake.

Mwongozo unaoziwezesha programu tofauti kubadilishana miadi, uitwao iCalendar, uliandikwa mwaka 1998 na Frank Dawson na Derik Stenerson, kisha ukapigwa msasa mwaka 2009. Unaruhusu saa iandikwe kwa namna tatu. Inaweza kuandikwa kwa saa ya pamoja ya dunia, UTC. Inaweza kuandikwa pamoja na jina la eneo, kama vile Africa/Nairobi. Au inaweza kuachwa bila eneo lolote, ikielea, ili kila asomaye aichukue kuwa saa ya pale alipo. Namna hii ya tatu inafaa kwa ukumbusho wa kumeza dawa, lakini ni balaa kwa mwaliko wa mkutano. Aliyealikwa akiwa London na aliyealika akiwa Nairobi wote wataona saa tatu asubuhi, kila mmoja yake.

Kenya haisogezi saa. Mwaka mzima iko saa 3 mbele ya UTC, sawa na Tanzania, Uganda, Ethiopia na Somalia. Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo ziko saa 2 mbele. Kwa hivyo mkutano wa saa nne asubuhi Nairobi ni wa saa tatu Kigali, na kalenda inayouonyesha hivyo iko sahihi.

Mfano wa karibu zaidi ni Sudan Kusini. Hadi Januari 2021 Juba ilikuwa saa moja na Nairobi. Februari 1 mwaka huo serikali yake ilirudisha saa nyuma kwa saa moja. Tarakilishi zilizokuwa Juba zikiwa zimewekewa ukanda wa Nairobi, jambo lililokuwa halali siku iliyotangulia, zilianza kutangulia mitaa yake. Wakenya wengi hufanya kazi huko, na yeyote aliyeisahihisha saa kwa mkono badala ya kubadili ukanda alijiongezea tatizo. Saa ya ukutani ilikuwa sawa, lakini kila mwaliko uliotoka nje ulitua saa moja mbele ya wakati wake.

Wapo pia wanaochagua mji wowote ulio na alama ya +3 wakidhani yote ni mamoja. Si mamoja. Moscow ilikuwa +3, ikisogeza saa kila kiangazi, kisha kuanzia mwaka 2011 ikabaki +4 mwaka mzima, na Oktoba 2014 ikarejea +3. Mtumiaji wa Nairobi aliyeteua Moscow aliishi na kalenda iliyoyumba kwa amri za serikali ya mbali. Ukanda ufaao umeandikwa Nairobi, katika Windows na katika mipangilio ya kalenda ya Thunderbird vilevile, na pande hizo mbili zapaswa kukubaliana.

Mkutano wa kujirudia hufuata saa ya aliyeuitisha. Shirika la London likiitisha kikao cha kila Jumanne saa tatu asubuhi kwa saa zao, aliye Nairobi atakiona saa tano kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na saa sita adhuhuri katika miezi iliyobaki. Kuhama huko si hitilafu. Marekani nayo husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa sheria ya mwaka 2005 iliyoanza kutekelezwa 2007. Mwaka huo wa kwanza, kalenda nyingi za Outlook zilizokuwa na kanuni za zamani zilikosea kwa saa moja katika wiki zilizoongezwa, na Microsoft ikalazimika kutoa zana ya kusogeza miadi. Funzo la kiufundi ni kwamba programu hujua tu yale iliyoambiwa na masasisho yake. Tarakilishi isiyosasishwa kwa miaka haina habari za Juba.

Tukio la siku nzima huleta kioja cha namna yake. Outlook hulihifadhi kama muda wa kutoka usiku wa manane hadi usiku wa manane unaofuata. Ukanda ukibadilishwa baadaye, muda huo husogea na tukio likatandazwa juu ya siku mbili, sikukuu ya Jamhuri ikaonekana kuanza Desemba 11. Kulifungua tukio na kuliteua upya kuwa la siku nzima hulirudisha mahali pake.

Msemaji wa Kiswahili ana mtego wa ziada ambao watengenezaji wa programu hizi hawakuufikiria. Saa tatu asubuhi huandikwa 9:00. Mwandani wa ofisi akiambiwa kwa simu kuwa kikao ni saa tatu, akaandika 3:00, ukumbusho utalia saa tisa ya usiku au ya alasiri. Kosa hilo hutambulika kirahisi, kwa sababu daima ni la saa 6 kamili. Miadi iliyokosea kwa saa 1, 2 au 3 ni ya ukanda. Iliyokosea kwa 6 ni ya lugha.

Kalenda zilizo kwenye seva nazo zaweza kusita. Thunderbird huzungumza na nyingi kwa utaratibu wa CalDAV, uliokubaliwa mwaka 2007. Kalenda ikishindwa kuifikia seva, alama ya onyo hutokea kando ya jina lake. Mara nyingi chanzo ni neno la siri lililobadilishwa kwenye mtandao lakini si kwenye programu, au kibali kilichopitwa na wakati. Kuingia upya hutosha. Kuifuta kalenda ya CalDAV kwenye orodha hakuidhuru iliyo kwenye seva, mradi mtumiaji ateue kujiondoa tu na si kufuta kabisa. Ikiwa tatizo linaendelea, programu huanzishwa katika hali ya utatuzi, kwa kushikilia kitufe cha Shift wakati wa kuifungua, ili viongezi vyote vizimwe. Outlook ina hali kama hiyo kwa amri ya outlook.exe /safe. Kalenda ikirudi katika hali hiyo, mkosaji ni kiongezi.

Waliokuwa wakitumia programu ndogo za Mail na Calendar zilizokuja na Windows wana jambo la kushughulikia. Microsoft iliacha kuzihudumia Desemba 31, 2024, na kuwaelekeza watu kwenye Outlook mpya. Matoleo ya Outlook 2016 na 2019 yalifikia mwisho wa huduma Oktoba 14, 2025, siku ile ile na Windows 10.

Kabla ya kuhama au kukarabati lolote, nakala hutolewa kwa umbo la .ics. Katika Thunderbird, kalenda huteuliwa kwa kitufe cha kulia cha kipanya kisha ikasafirishwa, moja baada ya nyingine, kwani kila moja ina faili yake. Katika Outlook ile ya classic, menyu ya faili ina amri ya kuhifadhi kalenda, na humo sharti mtu ahakikishe amechagua kipindi cha kalenda nzima pamoja na maelezo kamili, la sivyo atabeba siku chache zenye neno "shughuli" tu. Faili inayopatikana ni maandishi matupu. Hufunguka kwa Notepad, na kila tukio ndani yake huanza kwa mstari wa BEGIN:VEVENT, hivyo ni rahisi kuona kama miadi imo kabla ya kuinakili kwenye diski ya nje.